Ile nyama haikuwa kidari

Wasee, hii ya leo haina video. Ni maandishi tu, na ni marefu. Kama uko kwa mathree na umebakisha steji moja, shuka kwanza, utasoma ukifika keja.

Kuna vitu viwili nataka kurekebisha. Kimoja ni nyama. Kingine nitakifikia.

Mnakumbuka ile video ya sandwichi ya kidari, ile niliandika juu yake "saa tatu tu, inalainika kama mkate"? Ile navuta nyama na uma mbili, inaachana nyuzi nyuzi, mafuta yanang'aa, halafu nafunga na skonzi nauma kama mtu hajakula tangu Jumanne. Hiyo ndiyo video yangu imetazamwa kuliko zote. Sasa sikiza. Ile nyama haikuwa kidari. Ilikuwa mguu wa nyuma, robo tatu kilo, ndiyo ilikuwa imebaki kwa bucha ya hapo chini. Haikupikwa saa tatu. Ilikaa kwa sufuria ya presha dakika hamsini, ikatoka imekauka kama kamba ya katani, nikaipaka mafuta ya kupikia na brashi ndiyo ing'ae kwa kamera. Na sikuila. Nilionja kipande kimoja, ingine nikampea paka wa keateka. Paka alikula, lakini huyo paka hula hata sabuni.

Kwa nini nilifanya hivyo? Ju mtungi wangu wa gesi ulikuwa unakaribia kuisha, ilikuwa tarehe ishirini na kitu, na nilikuwa nimeahidi video Ijumaa. Ukiwa kwa hii kazi unajua. Simu haijui kama nyama iliiva. Inajua tu kama mtu aliendelea kutazama.

Siku chache baadaye msichana mmoja akaniandikia inboksi. Alikuwa amenunua kidari kilo mbili, ya siku ya kuzaliwa ya mamake. Alinunua kidari ya ukweli, si kama mimi. Akafuata vile nilisema: saa tatu, moto mkubwa ndiyo iharakishe. Maji yakakauka, chini ikaungua, juu ikabaki ngumu. Akanitumia picha. Ilikaa soli ya kiatu. Akaandika, "Nimekosea wapi?" Hakuwa na hasira, alikuwa anauliza kama mwanafunzi anauliza mwalimu. Nilisoma nikazima simu. Sikujibu.

Halafu Jumapili moja, kama saa mbili usiku, simu ikalia, kucheki ni mzee.

Manze nilishtuka. Mzee wangu alikuwa hajanipigia miezi saba. Mathe ndiye alikuwa ananipigia, kwa sauti ya chini, akiwa nje ya nyumba. Nikashika.

"Habari ya jioni, baba."

Hakuitikia. Akasema, "Ile nyama umeweka kwa mkate. Si kidari."

Nikanyamaza.

"Hiyo ni mguu wa nyuma. Usidanganye watu kuhusu nyama."

Akakata simu.

Niwaeleze mzee ni nani. Ana bucha Nyahururu, ile ya dirisha la kioo na taa moja, na amekata nyama miaka ishirini na mbili. Anaweza kuangalia kipande akakwambia kilitoka wapi kwa ng'ombe, na saa zingine akakwambia huyo ng'ombe alikuwa wa maziwa au wa nyama. Dadangu mdogo ndiye alimwonyesha ile video, akidhani mzee atafurahi kuniona. Mzee aliitazama mara moja tu, akauliza simu yake iko wapi.

Wiki mbili nilikaa na hayo maneno. Ingekuwa amenitusi ningezoea. Lakini yeye miezi saba hana la kuniambia, halafu kitu kinamfanya avunje kimya ni mguu wa nyuma kuitwa kidari. Ijumaa nikapanda gari za Nyahururu.

Kama hujawahi kufika Nyahururu, beba sweta. Mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari na asubuhi baridi inakuchukua mpaka kwa meno. Nilifika jioni, mathe akanikumbatia kwa mlango, mzee akaniangalia akasema "umefika" na akaendelea kutazama habari. Hapo sikujua kama ni swali. Kesho yake saa kumi na mbili kasorobo akagonga dirisha ya chumba changu mara mbili na akaenda. Nikavaa nikamfuata.

Bucha saa hiyo iko kimya. Nyama ilikuwa imeletwa, nusu ng'ombe imeninginia kwa ndoano. Mzee akanipa aproni bila kusema kitu. Akachukua mkono wangu, kama vile alikuwa ananishika nikiwa mdogo tukivuka barabara, akaweka kidole changu kwa kifua cha ng'ombe, katikati ya miguu ya mbele.

"Hapa. Sikia."

Nikasikia mafuta magumu, baridi, halafu chini yake nyama, halafu tena mafuta, halafu nyama ingine. Hizo ndizo alama za kidari. Ni misuli miwili imelaliana, ya chini ni bapa na haina mafuta mengi, ya juu ni nene na ina mafuta ndani yake, na katikati kuna tabaka la mafuta linazitenganisha. Nyuzi za hizi mbili haziendi upande mmoja. Kumbuka hiyo, tutaihitaji kwa kukata. Mguu wa nyuma hauna hilo tabaka. Hivyo ndivyo alinijua.

Akanieleza kitu sikuwa nimewahi kufikiria. Ng'ombe hana mtulinga, ule mfupa wa bega wewe uko nao hapo chini ya shingo. Miguu yake ya mbele haijashikwa na mfupa kwa mwili, imeshikwa na misuli. Kwa hivyo kidari kiko kazini siku yote, ng'ombe akisimama, akitembea, akishuka mtoni. Nyama ya kazi ni nyama ngumu. Mzee alisema, "Hii haijawahi kukaa chini." Halafu akaendelea kukata kama hajasema kitu.

Hapo kidogo ya darasani ikanisaidia, ju kwa miaka miwili na nusu nilikuwa nasomea uhandisi wa mitambo. Ule ugumu ni kolajeni, zile tishu nyeupe zinafunga nyuzi za nyama. Nyama ikifika digrii sitini na kitu nyuzi zinajikaza na kukamua maji, ndiyo unaona nyama ya saa moja ni ngumu kuliko ile mbichi. Watu wengi wanaachia hapo, wanasema bucha imewauzia ng'ombe mzee. Lakini ukiendelea, kati ya sabini na tisini na kitu, kolajeni inaanza kuyeyuka pole pole inakuwa jelatini, ule utelezi unashika midomo ukila supu ya miguu. Hiyo ndiyo inafanya nyama ikae laini hata kama maji yake yametoka. Haikubali kuharakishwa na moto mkubwa. Maji yanayochemka kwa fujo na maji yanayochemka pole pole yana joto lile lile. Unachoma gesi tu.

Na kuna hii, ambayo hakuna video ya Texas itakwambia. Ukiwa baharini maji huchemka digrii 100. Nairobi ni kama 94. Nyahururu ni kama 92. Kwa hivyo mapishi ya mtu wa Mombasa hayawezi kukutosha saa zile zile huku juu. Mathe hajui hesabu ya hiyo lakini anajua githeri ya huku haiwezi kulinganishwa na ya Thika.

Juu ya Texas. Najua wengi wenu mlijulia kidari kwa zile video za Wamarekani, kipande kimoja kizima cha kilo sita, nje nyeusi kama makaa, ndani inatetemeka. Hiyo ni ya moshi wa mwaloni, kwa boksi la chuma lenye joto la kama digrii 120 hadi 135, saa kumi na mbili au zaidi. Kuna jamaa wa Austin anaitwa Aaron Franklin, alianza na trela mwaka 2009 na watu wakaanza kupanga foleni tangu asubuhi. Nilimwambia mzee hiyo stori tukisafisha meza, nikamwambia pia vile hayo mambo yalianza: Wajerumani na Wacheki walihamia Texas miaka ya 1800, wakafungua bucha, na nyama haikuwa inaisha yote, na friji hakuna, kwa hivyo ile imebaki wakaiweka moshi ndiyo isiharibike.

Mzee akasimama na kisu. "Kumbe walikuwa wanaokoa hasara."

Hiyo ndiyo sentensi ndefu alikuwa ameniambia tangu nifike. Nikatoa simu nirekodi vile anatoa kidari kwa mfupa. Akaiangalia.

"Hii ndiyo ile simu?"

"Ndiyo, baba."

"Ipige picha basi. Si ndiyo kazi yake."

Sasa tumefika kwa kile kitu cha pili.

Mwaka jana niliwaandikia hapa kwa nini niliacha chuo. Nikasema karo ilishinda nyumbani. Mkanipea pole, komenti zikajaa, wengine wakanitumia pesa. Wasee, karo haikushinda. Karo ililetwa. 38,500, ya semista ya pili mwaka wa tatu. Mzee aliituma yote kwa simu yangu ju nilimwambia nitaenda benki mwenyewe. Wakati huo nilikuwa na miezi minne sijaingia darasani na masomo manne nimeanguka, na sikuwa nimeambia mtu. Siku ile ile nikaenda tao nikanunua simu, taa ya pete na maikrofoni ndogo. Zilibaki 1,200 nikala kuku.

Kusema kweli sijuti kuacha chuo. Nimefikiria sana na naona nisingemaliza, na ningemaliza ningekuwa mhandisi mbaya. Hiyo nitaitetea mbele ya mtu yeyote. Lakini kuna kuacha chuo na kuna kile nilifanya, na mimi nilichanganya hizo mbili makusudi ndiyo nyinyi mnipende. Mzee alijua simu ilitoka wapi, hiyo ndiyo ilileta kimya cha miezi saba. Kile sikujua, mpaka mathe aliponiambia hiyo Jumamosi akichambua dania, ni kwamba ile post ilifika Nyahururu. Mteja mmoja wa siku nyingi aliingia bucha akampa mzee pole mbele ya watu. Akamwambia, "Mzee, ungetuambia tu, tungefanya harambee ya kijana." Mzee bado alikuwa na meseji ya M-Pesa kwa simu yake, ya 38,500, na tarehe. Angeweza kuitoa amwonyeshe. Alisema asante na akauliza mteja anataka kilo ngapi.

Kwa hivyo nasema hapa ambapo nilisema uongo: babangu alilipa. Alilipa kila semista. Walionitumia pesa wakati ule walikuwa watu kumi na mmoja, jumla 4,650. Tisa nimewarudishia. Wawili namba zao haziingii, niandikieni inboksi.

Turudi kwa nyama, ju pia hiyo nawadai.

Mzee alipima kipande, kilo tatu na nusu. Nikanyoosha mkono nichukue. Akaweka mkono wake juu. "Elfu mbili na mia moja." Nikacheka nikidhani ni mchezo. Akaonyesha namba ya tili kwa ukuta. Nikalipa.

Ukienda bucha yako omba kidari, na wengine watakuelewa haraka ukisema kifua. Omba kipande kimoja kizima, usikubali akatiwe vipande na shoka, na mwambie aache mafuta ya juu unene wa kama kidole kidogo. Mafuta yakizidi hapo toa, lakini usitupe, utayayeyusha. Kama bucha hana kipande kikubwa, kilo moja na nusu inatosha watu wanne na hata inaiva mapema. Nyama yetu nyingi ni ya ng'ombe wa nyasi, na huku milimani mara nyingi ni ng'ombe wa maziwa amestaafu. Haina mafuta mengi ndani kama ya Wamarekani, na ng'ombe akizeeka kolajeni inakaza zaidi. Ndiyo maana mimi nakushauri uache mambo ya kukausha na moshi kwa keja. Pika na mchuzi. Tena wewe unayekaa bedsita, tafadhali usiingize jiko la makaa ndani ufunge dirisha ndiyo upate ile harufu. Ile hewa ya makaa haina harufu na inaua watu wakiwa wamelala. Pikia nje.

Usiku wa kuamkia, paka chumvi na pilipili manga ya kusagwa pande zote, pamoja na mbegu za dania zilizotwangwa. Mimi niliweka chumvi vijiko viwili vya chai kwa kila kilo. Funika, weka mahali pa baridi, friji kama unayo. Nyahururu usiku wote ni friji, lakini mathe aliiweka kwa friji ya bucha.

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu niliyeyusha yale mafuta kwa sufuria nzito, nikachoma kidari pande zote mpaka rangi ya kahawa iliyokaangwa. Usiharakishe hapa. Kama nyama imeshika chini, bado haijawa tayari kugeuzwa, itajiachilia yenyewe. Ikatoka, nikaweka vitunguu vinne vikubwa kwa mafuta yale yale, dakika ishirini mpaka vikawa vyekundu vyekundu, kitunguu saumu kichwa kizima, nyanya ya mkebe vijiko viwili, siki kidogo, sukari kijiko kimoja. Halafu nyama ikarudi, na maji ya moto.

Hapo ndipo gesi ingeingia, na ndipo mathe alinionyesha nilikuwa mjinga kutafuta saa tatu za moto wakati kuna kikapu. Wengi mmekiona kwa shosho zenu: kikapu kikubwa kimejazwa matambara na sponji, kimeshonewa kitenge ndani, na mto wa kufunikia. Mathe alishona chake na wamama wa chama na huwa anapikia maharagwe. Unachemsha sufuria, unaitumbukiza ndani ikiwa inachemka, unafunika na mto, unaenda shughuli zako. Haiongezi joto, inazuia tu lisitoroke. Na kwa sababu kidari kinataka joto la tisini kushuka pole pole, ni kama kikapu kilitengenezewa hiyo kazi.

Sheria ni chache lakini usizicheze. Sufuria ijae, ju sufuria nusu hupoa haraka, kwa hivyo hapa maji yafunike nyama. Ichemke kwa moto mdogo kama saa moja na nusu kwanza ndiyo joto liingie mpaka katikati ya kipande. Kisha kikapu saa tatu. Usifungue kuchungulia. Nilifungua mara moja nipige picha ya mvuke, mathe akanipiga mkono na mwiko. Baada ya hizo saa tatu toa, chemsha tena dakika ishirini, rudisha kikapuni saa tatu zingine. Ukitoa na chakula hakitoi mvuke, hakichomi, kiko vuguvugu tu, hiyo ni hatari, vuguvugu ndiyo vijidudu hupenda. Hapo kikapu chako hakijashonwa vizuri. Huna kikapu? Blanketi mbili nzito na katoni vinafanya kazi hiyo hiyo, mbali na moto.

Gesi niliyotumia haikuwa nyingi. Ningejua hiyo nikiwa na mtungi unaoisha, singehitaji paka wa keateka.

Saa kumi na moja kasoro jioni niliingiza uma nikauzungusha. Ukazunguka. Usisikize saa, sikiza uma. Ukiona bado inavuta, rudisha, hata mimi siwezi kukuambia ng'ombe wako alikuwa na miaka mingapi. Ikishaiva itoe, ifunike, iache nusu saa. Ukikata moto moto maji yote yanabaki kwa ubao. Wakati huo toa mafuta yanayoelea kwa mchuzi, chemsha mchuzi kwa moto mkubwa bila kifuniko mpaka ubaki kama theluthi na uanze kushika kijiko.

Kukata: tafuta nyuzi zinaenda wapi, katisha. Na kumbuka ni misuli miwili, kwa hivyo ukifika kwa ile ya juu geuza kisu. Mzee alikuwa amerudi nyumbani kuchukua koti akanikuta nimeanza kukata kwa kufuata nyuzi. Hakusema kitu. Alichukua ubao, akaugeuza robo, akarudisha.

Mkate: usitumie ule wa slesi, mchuzi utaumaliza kabla haujafika mdomoni. Skonzi za siku moja ni poa. Zipasue, zichome upande wa ndani kwa yale mafuta mpaka zipige sauti ukikwaruza. Kabeji iliyokatwa nyembamba na siki na chumvi, kitunguu kibichi kilichooshwa, pilipili. Parachichi ukitaka, mimi naona linaficha nyama. Nyama ichovye kwa mchuzi kabla ya kuiweka.

Nilifunga nne kwa gazeti nikazipeleka bucha. Ilikuwa saa za jioni, watu wakitoka kazi wanapitia nusu kilo. Mzee alikula amesimama, na aproni, akigeukia ukuta kama vile watu wa bucha hulanga. Nikangoja. Akamaliza ya kwanza. Akachukua ya pili, akaikata katikati na kile kisu kikubwa, akampatia mteja aliyekuwa anangoja mabaki. Sikujua huyo ni nani mpaka aliposema jina langu na kuuliza kama nilirudi chuo. Mzee akaniangalia mimi nijibu.

Nikamwambia. Yote, pale kwa dirisha, na watu watatu nyuma yake kwa laini. Mwanamume akatafuna pole pole akaniangalia, akaangalia mzee, akasema hii nyama imeiva sana. Basi.

Sijui kama mambo yako sawa na mzee. Kila mwezi ikipatikana namtumia 3,000. Hajawahi kujibu, lakini pia hajawahi kurudisha. Yule msichana wa inboksi nilimwandikia nikamweleza ile video ilikuwa nini, nikamwomba namba nimtumie pesa ya kilo mbili. Ameona. Hajajibu bado, na sitamsumbua. Ile video nitaiacha pale pale lakini nimebandika juu yake maneno ya kwanza ya hii post.

Mzee alisema kitu kimoja tu kuhusu sandwichi, tukifunga bucha, akining'iniza aproni. Chumvi imezidi. Nilibisha, halafu usiku nikala yangu, na ni ukweli: ukikausha mchuzi mpaka theluthi, chumvi yote iliyotoka kwa nyama inabaki humo humo. Kwa hivyo pale nilisema vijiko viwili kwa kilo, weka kimoja na robo, na usiongeze kitu kwa mchuzi mpaka uonje mwisho.